Asubuhi Moja ya Petunia

Mwaka 1979 walimnyang'anya gorila mmoja mwanawe, Petunia, akiwa na siku mbili, wakampeleka nyumbani kwa mkurugenzi wa bustani yetu ya wanyama hapa Ohio. Mke wa mkurugenzi, Bi Lorraine, alimvalisha nepi, akamnywesha chupa, na watu wakapanga foleni kupiga naye picha. Mimi nimo kwenye picha mojawapo, nina miaka tisa, nacheka. Alipoanza kuuma wageni, wakamrudisha kwa gorila wenzake. Hawakuelewana. Tangu hapo anaishi chumba cha nyuma, peke yake. Haya nimeyaandika kwenye karatasi na kuwagawia wageni getini miaka thelathini na moja, huku mimi ndiye mtunzaji wake, nikimfagilia mavi.

Februari hii tukapata mtoto wa gorila, Wren, aliyekataliwa na mama yake. Ama Petunia ampokee, ama Wren apelekwe bustani nyingine, Texas.

"Huyo hawezi," alisema Daktari Haugen, mkuu wetu. "Hakulelewa na gorila."

"Na nani alisababisha?"

"Usianze, Dwight. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Ushahidi ninao kwenye karatasi."

"Mzee huyu ana karatasi ya kila kitu," akadakia Tamika, mwenzangu wa zamu. "Muulize cheti chake cha ndoa kiko wapi."

Haugen akacheka, akatukubalia asubuhi moja ya kujaribu.

Tulifungua kilango cha chumba cha Petunia. Wren akaingia analia. Petunia alimtazama kitambo, kisha akamwokota. Gorila humbana mwanawe kifuani, tumbo kwa tumbo. Petunia akaketi, akampakata kama binadamu.

"Unaona mwenyewe," Haugen akaniambia, mkono tayari kwenye komeo.

"Ngoja basi, bosi," akasema Tamika.

Nikapenyeza chupa ya maziwa kwenye wavu. Petunia akamsogeza Wren kwenye chupa, akamshikilia mpaka maziwa yakaisha. Halafu akamweka begani, akampigapiga mgongo polepole, mtoto akapiga mbweu.

Sijawahi kuona gorila akifanya hivyo. Ni mtu mmoja tu angeweza kumfundisha.

Haugen akashusha mkono. "Muacheni naye."

Tamika alinikumbatia. Nilifurahi, sikatai. Lakini nilisimama pale nikimtafutia Bi Lorraine tusi, nikakosa. Mtoto wa watu walimwiba, hilo silifuti na getini nitarudi. Sema sikujua tena karatasi ianze vipi. Upande wa pili wa wavu Wren alishalala, na Petunia alikuwa bado anampigapiga.