Njiwa Waliowahiwa Kisu

Mtego ulifyatuka, njiwa akarushwa juu, akapiga mbawa mara mbili, akaanguka kwenye majani kama soksi iliyolowa. Mbwa alikuwa amesimama mguu mmoja juu, kama alivyofunzwa. Alimtazama ndege, akageuza kichwa kumtazama Jaspal. Hakujua afanye nini. Hakuna aliyemfundisha habari za njiwa anayeshuka mwenyewe.

"Hii njiwa yako imelala?" Jaspal aliniuliza.

"Si yangu. Yako."

"Ikiruka ni yangu. Ikianguka ni yako, Sufian."

Jaspal ni Singasinga wa Nakuru. Amekaa Stanmore, pembeni mwa London, tangu ujana wake, na Kiswahili chake hakijazeeka hata siku moja. Alipouza duka lake alikodi shamba nje kidogo ya mji, akaanza kufunza mbwa wa kuwinda ndege. Kazi yenyewe ni hivi: njiwa anafichwa kwenye mtego mdogo kati ya majani, mbwa ananusa, anaganda palepale. Jaspal anabonyeza kitufe, njiwa anaruka. Mbwa akimkimbiza, amefeli. Njiwa haguswi. Anazunguka juu ya miti mara moja, kisha anarudi bandani kula.

Anarudi kwa sababu ana njaa. Ndiyo maana asubuhi hatuwapi kitu. Njiwa aliyeshiba anakwenda kukaa juu ya paa la mtu anakutazama. Wakisharudi ndiyo nawamwagia: mahindi, ngano, njegere kavu, mtama kidogo. Pembeni, mahali pakavu, kuna kihori cha changarawe, mawe madogo yaliyochanganywa na maganda ya chaza yaliyopondwa. Njiwa hana meno. Anameza punje nzima, kazi ya kusaga inafanywa na firigisi, na firigisi isiyo na mawe ni kinu kisicho na mchi.

Nilimwokota yule aliyeanguka. Kifua kimekonda, mfupa unakata kiganja. Lakini mfuko wa shingoni umejaa mahindi, umevimba, mgumu. Alikuwa anakula na chakula hakishuki.

"Lete hapa, mjomba," Mansour alisema. "Tumuwahi."

Mansour ni mume wa Faridah, na Faridah ni mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Jaspal. Mimi naendesha basi, siku za kazi siwezi kufika shambani, basi siku hizo Mansour alikuwa anapanda treni kutoka Stratford baada ya shifti yake ya dukani, anawalisha, anafagia, anajaza maji. Jumapili tunakuwa wote.

"Huyu mgonjwa," nikamwambia.

"Mgonjwa, hajafa. Akifa mzoga. Akichinjwa kitoweo." Alikwisha kugeukia kibla. "Au wewe kwenu kuku akisinzia mlikuwa mnampeleka hospitali?"

Jaspal alicheka. Hata mimi nilicheka. Sisi sote tumelelewa hivyo: kuku akianza kuburura bawa, mtu hasubiri, anakimbilia kisu. Nimekula kuku wa namna hiyo wengi kuliko wazima. Mansour alisoma bismillahi, akamaliza kazi, akamtia njiwa kwenye mfuko.

Supu ilikuwa ya Faridah. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, na hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba. Tulikuwa tunaibeba kama maji kwenye kiganja. Mkunga alisema damu yake ndogo, akampa vidonge. Dada yangu Unguja akasema vidonge ni upuuzi wa Wazungu, mpeni mwanangu supu ya njiwa. Kila siku alikuwa anapiga simu kuuliza kama mwanawe amekunywa supu. Mansour hakuwa anahitaji kuambiwa mara mbili. Angepewa tembo akaambiwa damu imo ndani, angempandisha kwenye lifti.

Jumapili iliyofuata walianguka wengine. Mmoja alishindwa hata kutoka mtegoni. Kifuniko kilifunguka naye akabaki amekaa, kichwa kinatikisika kama mzee anayesema hapana. Sakafu ya banda ilikuwa na mavi ya kijani, kijani cha rangi ya dukani. Jaspal hakutania tena.

"Ni virusi?" aliuliza.

"Sijui."

"Mahindi imeoza?"

Nilinusa mahindi. Nilitafuna. Mazuri. Maji masafi. Niliosha banda zima kwa dawa hadi macho yakaniwasha. Mansour alikuwa nyuma yangu na mfuko wake.

"Hawa usiwachukue," nikamwambia.

"Mjomba, hata kideri hakistahimili maji ya moto. Nachemsha saa nzima. Ugonjwa gani utabaki?"

"Waache kwanza."

"Wafe? Tutupe nyama halali na mke wangu hana damu?"

Nilimkatalia mbele ya Jaspal, nikadhani imekwisha. Kumbe aliwachukua nilipokwenda kuosha ndoo.

Katikati ya wiki nilipita kwao. Faridah alikuwa kwenye kochi na miguu juu ya mto. Uso wake ulikuwa na rangi ya unga wa muhogo.

"Unaumwa?"

"Tumbo linanikata tu, mjomba. Choo hakipatikani. Na kila kitu kina ladha ya kijiko."

"Mkunga anasemaje?"

"Anasema mimba ndivyo ilivyo." Alijaribu kucheka. "Leo umechelewa. Firigisi ya mgeni imeliwa. Mansour hata yake haili siku hizi, firigisi na maini yote yangu. Mama akisikia nakula firigisi na wanaume wapo ataniita mchawi."

"Za njiwa?"

"Si za njiwa, za nini tena?"

Mansour alikuwa jikoni. Nilimfuata, tukagombana kwa kunong'ona ili Faridah asisikie. Alisema wale ni wa zamani, wa kwenye frizi. Alisema mimi sina mke wala mtoto, sijui mtu anavyolala akisikiliza pumzi ya mwenzake. Hilo ni kweli, lakini halikuwa jibu. Niliondoka nimekasirika.

Siku niliyopata likizo nilikwenda shambani peke yangu. Jaspal alinikuta nimekaa kwenye ndoo mlangoni mwa banda na njiwa mwingine anayekufa mikononi. Nikamchinja. Si kwa kula. Nilitaka kuona kilichoziba.

Nilipasua firigisi. Ndani kulikuwa na mahindi yaliyooza, mawe, na vitu vingine katikati ya mawe. Vidogo kama punje za mtama, vya duara, vya kijivu. Mawe yalikuwa na ncha, hivi vilikuwa laini, vinateleza. Nilikiweka kimoja juu ya kizingiti nikakibonyeza kwa ncha ya kisu. Jiwe lingeruka. Hiki kilibonyea.

Jaspal alikiokota, akakiburuza kwenye mfuko wa karatasi wa mahindi. Kiliacha mstari kama penseli.

"Hii ni risasi," alisema. "Ile ya bunduki ya ndege."

Nilikwenda kwenye kihori cha changarawe nikatia mkono, nikachota, nikatandaza kwenye kiganja. Maganda ya chaza hayakuwemo hata moja. Vya kijivu vilikuwa vingi. Njiwa walikuwa wanavichagua kwa sababu ni vya duara, vinafanana na mbegu.

Jaspal alikuwa anatazama mwisho wa shamba, kwenye kona ya ua wa miti. Kabla yake watu walikuwa wanakodi pale kupiga shabaha visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Walipiga miaka na miaka, na risasi zote zilikuwa zinaangukia kona ile.

"Nani amejaza hii?" aliuliza, ingawa alijua.

Nilimpigia Mansour.

"Ile changarawe, ulinunua wapi?"

"Changarawe gani?"

"Ya njiwa, Mansour."

"Ah, mjomba! Ninunue mawe? Kuku wa bibi yangu nani aliwahi kumnunulia mawe? Gunia lilipokwisha nilichota pale kwenye kona, kuna changarawe nzuri, ndogondogo, mvua imeiosha—"

"Faridah amekula nini leo?"

"Nimempashia supu kabla sijatoka. Kwa nini?"

Nilikata simu nikampigia Faridah. Ikaita hadi mwisho. Nikapiga tena. Jaspal alisema kwa gari tutakwama njiani, akaniteremsha stesheni ya Stanmore, na mimi nikapanda treni ya kijivu ambayo inaanzia hapo na kuishia Stratford. Mwanzo wa njia hadi mwisho. Chini ya ardhi simu haikushika. Nilikaa na bilauri ya chai ya Jaspal mapajani, imefunikwa kwa mfuko wa plastiki, ndani yake vile vya kijivu. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alitazama bilauri, akatazama damu kwenye mkono wa koti langu, akahama kiti.

Faridah alinifungulia mlango mwenyewe. Simu ilikuwa imezimwa sauti. Bakuli lilikuwa mkononi.

"Weka chini," nikasema.

Aliweka juu ya kabati la viatu bila kuuliza. Sura yangu ilimtosha.

"Vaa viatu."

"Mjomba, kuna nini?"

"Nitakwambia kwenye teksi. Vaa."

Hospitali, daktari wa kwanza alisikiliza nusu. Nilipomimina vile vitu kwenye sahani yake ya chuma vikalia, alisikiliza yote. Walimtoa Faridah damu, wakampiga picha ya tumbo, moja tu, kwa kumhofia mtoto. Punje mbili za risasi zilikuwa bado zimo tumboni. Mansour, niliyempigia tukiwa kwenye teksi, alifika na jezi ya dukani, anahema.

Daktari alimwuliza mara ngapi. Mansour akasema kila Jumapili, na katikati ya wiki, na maini, na firigisi alizozisuuza harakaharaka. Akasema alichemsha. Alirudia neno hilo mara kadhaa, amechemsha, saa nzima, kama vile daktari hakusikia. Daktari alimsubiri amalize. Kisha akamwambia risasi ni madini yenye sumu, haifi kwa kuchemshwa, haikuwa hai. Inaingia kwenye damu, inajificha kwenye mifupa, na kondo la mtoto haliizuii.

Majibu yalikuja jioni. Kiwango kilikuwa juu sana. Watamlaza, watazitoa zile mbili, na dawa ya kuondoa iliyokwisha kuingia ni suala la kufikiriwa, kwa sababu dawa yenyewe si rafiki wa mimba. Moyo wa mtoto unapiga. Mengine, daktari alisema, yataonekana atakapozaliwa, na mengine atakapoanza kusema.

"Nilitaka kukuongezea damu," Mansour alisema.

"Umeongeza," Faridah akamjibu.

Mansour alikisogelea kitanda aweke mkono juu ya tumbo. Faridah aliushika mkono ule kwa vidole viwili, akaurudisha ulikotoka, kwa taratibu, kama mtu anavyoondoa kitu cha jirani kilichoanguka uani kwake. Akalala kwa ubavu, uso ukutani.

Muuguzi aliingia. Alimwambia Faridah kwamba saa hii mtoto huwa anacheza. Alale hivyohivyo atulie, na kila akisikia teke ahesabu kwa sauti, yeye ataandika. Akavuta kiti, akakaa, akafungua kalamu.

Mansour alisimama upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Nje magari ya wagonjwa yalikuwa yanaingia na kutoka. Tulikuwa tunaitazama midomo ya Faridah, tunasubiri aseme moja.