Jicho Lisilosikia Dawa

Bi Moza alikata doti ya kanga upogo, mkasi ukapita juu ya maandishi badala ya kati ya vipande viwili. Mwanawe Uledi hakumwuliza anaonaje. Alimgombeza mbele ya mteja, pale pale dukani kwao Kariakoo.

"Mama, kila mwezi unachomwa sindano ya jicho na hali inazidi. Kuna kitu unafanya. Ni huo wanja wako!"

Wanja! Kweli, tangu usichana wake hakutoka nje bila wanja. Lakini daktari alipomkataza, aliuacha siku ile ile. Nani amwamini? Mkwewe, mke wa Uledi, alipekua kabati lake akatupa hadi kichupa alichoachiwa na marehemu mama yake. Uledi naye akashikilia kwamba mwezi wa Ramadhani mama yake alikwepa sindano akihofia swaumu. Uongo mtupu! Alikwenda amefunga, akachomwa, akarudi na swaumu yake.

Sasa kila mstari ulionyooka anauona umepinda, na akimtazama mtu, katikati ya uso pana doa jeusi. Anaambulia masikio tu. Na bado mkosaji ni yeye! Mtu mzima anahojiwa kama mtoto aliyedokoa sukari.

"Usipofuata matibabu, dukani basi," Uledi alisema. "Utakaa nyumbani Magomeni."

Bi Moza alimburuta mwanawe hadi kliniki, Upanga.

"Shikamoo, mama," Daktari Hyasinta alimpokea.

"Marahaba."

Daktari aliitazama picha ya jicho kwa muda mrefu. "Maji bado yapo nyuma ya jicho. Wapo watu ambao dawa hii haiwakubali, hata wakifuata kila kitu. Wewe umefuata. Hujakosea popote."

"Usiniambie mimi, mimi najua! Mwambie huyu, kwa sauti, kama alivyonisema mbele za watu."

Daktari akarudia, neno kwa neno. Uledi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Bi Moza akajitengeneza kitini, moyo umemtulia kidogo. "Haya. Sasa nifanye nini nipone?"

"Tutajaribu dawa nyingine, mama. Ila siwezi kukuahidi."

Hasira zote alizokuja nazo Bi Moza zilikosa wa kumwangukia. Akamgeukia mwanawe, akautafuta uso wake asiupate.

"Afadhali ningekuwa na kosa, Uledi," alisema. "Ningeliacha leo."