Sindano Ukumbini

Wiki tatu nzima fundi cherehani na mumewe, fundi saa, hawakuwa wakisemezana. Mume alikuwa amemgawia binamu yake cherehani ya marehemu mama wa mkewe, bila hata kumwuliza, kisha aibu ikamfunga mdomo. Jamani, wanaume na kiburi! Mke naye alikuwa amechoka. Begi lilikwisha fungwa, liko chini ya kitanda. Mume asipomsemesha leo, kesho mke anakwenda kwa dada yake, tena harudi.

Wifi yake, mwalimu wa michezo, ndiye aliyewaburuta wote wawili hadi ukumbini.

"Viatu vueni, sakafu mpya hiyo," alisema. "Kila timu, wanawake wanne, wanaume wanne. Kikapu kile pale juu ya mlingoti. Hakuna kukimbia na mpira wala kuudundisha, ni kupasi tu. Mwanamke anakabwa na mwanamke mwenzake. Na leo humpasii mtu bila kumwita. Kaka, umenisikia?"

Kaka mtu akaitikia kwa kichwa.

Jua la alasiri lilimiminika kupitia madirisha ya juu. Miguu peku haikutoa sauti, na mpira ulikwenda polepole, mkono hadi mkono, hata fundi cherehani akahisi kama anasinzia na huku anatembea. Watu wakaitana: Dada! Jirani! Mwalimu! Yeye hakuna aliyemwita. Moyo ukamuuma, si mchezo.

Mara mpira ukamfikia mumewe. Macho yao yakakutana. Mume akaita:

"Sindano!"

Mungu wangu! Wachezaji wote wakaganda, macho sakafuni, kila mtu akikagua nyayo zake. Mke si fundi cherehani? Nani asingeamini kwamba imemdondoka? Wifi mtu kapiga magoti, anapapasa mbao.

Ni mke peke yake aliyejua. Ndilo jina aliloitwa na mumewe enzi za uchumba wao, kwa ule ulimi wake unaochoma, na alikuwa hajalisikia miaka mingi.

Mpira ukaja ukielea kwenye mwanga. Akaudaka, na hakuna hata mmoja wa kumkaba. Kikapu kile pale. Hakukitazama. Akaukumbatia kifuani.

"Umeniitaje?"

"Umesikia."

"Sijasikia," akasema, machozi yakimtoka. "Rudia."