Bibi Godoro

Konde Fortún wa Sarrabal alikufa vitani, ikiwa tutakubaliana kwamba choo ni uwanja wa vita. Choo cha ngome yake kilikuwa kijumba cha mbao kilichoning'inia juu ya genge, na kwa miaka kumi mkewe alikuwa akimwambia kwamba zile mbao zimeoza. Konde alijibu kuwa mbao zilizombeba babu yake zitambeba na yeye. Babu alikuwa mwembamba. Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mbao zilikata shauri, na wachungaji waliokuwa chini wakampokea bwana wao katika hali ambayo adabu inatukataza kuieleza.

Walimpandisha hadi kitandani mwake akiwa bado anapumua. Kilikuwa kitanda cha mwaloni, kipana kama zizi, na kila mguu wake ulichongwa kichwa cha dubu. Akafia humo bila kusema neno lolote la kukumbukwa, na mkewe, Doña Gelvira, akamfumba macho. Hakulia sana. Kule milimani konde ni cheo cha bwana wa nchi, lakini Fortún alilielewa neno hilo vile unavyolielewa wewe, na mbavu za Gelvira zilikuwa na ushahidi.

Mwili haujapoa, ndugu wa marehemu, Don Galindo, akaingia na matope kwenye viatu, akatoa pole, na katika pumzi ile ile akauliza funguo ziko wapi.

Gelvira alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alilelewa na watawa wa kike tangu akiwa na miaka sita, na huko alijulikana kwa mambo mawili: kusoma haraka, na kutia vyura kwenye maji ya baraka. Mzaha mzaha hutunga usaha, watawa walimwambia, wakampigisha magoti juu ya dengu mbichi. Hakuacha mzaha. Alijifunza tu kupiga magoti juu ya dengu huku uso umetulia kama wa sanamu, na ujuzi huo ndio aliomtazama nao shemeji yake.

"Funguo zipo, shemeji," akasema. "Na kitanda kipo. Na mimi nipo."

Galindo alielewa mara moja. Sheria ya milima haikuandikwa popote, lakini kila mwanamume mwenye ndevu aliijua kwa moyo: mjane akishika kitanda cha mumewe, ashike na nchi yake. Maana yake ilikuwa asiolewe tena. Ila sheria ilitaja kitanda, haikutaja ndoa, na watu wa Sarrabal hushika neno kama mbwa ashikavyo mfupa, hata nyama ikiwa imekwisha zamani.

Baraza lilikaa mlangoni mwa kanisa, kama desturi. Galindo alisema hana ubishi, lakini kama ni kushika, basi ashike kweli: alale humo kila usiku wa Mungu, na mwanamume mwingine asilale humo kamwe. Akikosa usiku mmoja tu, nchi ni ya Galindo, na mtoto pia. Mtoto ni Eilo, binti pekee wa marehemu, mwenye miaka saba na pengo mbele. Galindo alitaka kumposea mwanawe. Huyo mwana alikuwa na miaka thelathini na alikwisha kuzika wake wawili, na huyo wa pili hakuna jirani aliyewahi kusikia kwamba aliumwa.

Shahidi aliyechaguliwa alikuwa Don Bancio, askari mzee wa upande wa Galindo. Alikuwa na jicho moja, na hakuna aliyewahi kumsikia akiapa uongo. Angelala kizingitini mwa chumba, mlango ukiwa wazi. Bancio akaweka mkono juu ya msalaba, akauliza maneno ya kiapo yaweje: mwanamume yeyote asilale humo?

Hapo Gelvira angenyamaza tu. Lakini watu walikuwa wengi, na wote walikuwa wakimtazama kama kondoo wa mnada.

"Mwanamume tu, Don Bancio? Mbona mnaniogopa nusu nusu? Tia kiumbe chochote. Tia hata paka. Asilale humo hata paka ila mimi."

Baraza zima lilivunjika mbavu. Bancio alicheka mpaka jicho lake likatoa machozi, kisha akaapa vivyo hivyo: hata paka. Kabla ya jioni neno hilo lilikuwa limefika vijiji vyote. Mlevi akiombwa divai yake, hata paka. Msichana akiombwa busu, hata paka.

Basi Gelvira akatawala. Wanaume walimwita Bibi Godoro, mgongoni kwanza, halafu mbele yake walipoona hakasiriki. Aliamua kesi za malisho na za mifereji. Aliwanyonga wezi wawili wa kondoo, na mmoja alimwomba kwa majina ya watoto wake, mmoja mmoja, hadi kitinda mimba. Uso wake ulitulia hadi mwisho. Kisha alikwenda nyuma ya banda la farasi akatapika, akajifuta, akarudi kula kabichi na wenzake. Kila usiku alipanda kitandani mwa mtu aliyekuwa akimpiga, akajilaza kwenye bonde ambalo uzito wa marehemu ulichimba katika godoro. Mlangoni Bancio alikohoa, akamtakia usiku mwema.

Kabla ya Kwaresima, Eilo alipelekwa kwa watawa wale wale, kuanza kusoma. Hakufika. Badala yake alikuja mjumbe wa Galindo, kijana aliyejipaka mafuta ya nywele, akasema mbele ya ukumbi mzima kwamba mtoto hajambo, yuko kwa ami yake katika mnara wa Ordasca, ng'ambo ya mlima. Don Galindo anamkaribisha shemeji aje ale naye, alale, kisha aondoke na binti yake.

Kila mtu alilisikia lile neno alale. Kwenda Ordasca na kurudi kulikuwa safari ya kulala njiani, hata kwa farasi mzuri.

Gelvira akachukua kipande cha jibini, akakitafuna bila haraka.

"Mwambie nakuja," akasema. "Na kitanda nakuja nacho, nisimsumbue kwa matandiko."

Walikitoa kwa kubomoa ukuta wa dirisha. Wakakifunga juu ya sileji, gari la mbao la kuburuta lisilo na magurudumu, wakafunga maksai, na Bancio akafuata kwa farasi wake, akiguna kwamba katika maisha yake amelinda madaraja, malango na mfungwa mmoja askofu, lakini hajawahi kulinda fanicha. Vijijini watu walitoka kucheka. Walicheka, wakauliza ni nini, wakaambiwa habari ya mtoto, wakaacha kucheka, wakaingia ndani kuchukua mashoka. Njia ilipobana, mchonga magurudumu aitwaye Atto, aliyekuwa akiimba wimbo wa harusi kukitania kitanda, aliteleza, na genge likammeza wimbo ukiwa mdomoni. Walisimama, wakasema Baba Yetu, wakaendelea. Walipofika Ordasca walikuwa jeshi.

Gelvira hakushambulia. Aliamuru kitanda kiwekwe mbele ya lango, akapanda, akajifunika, akalala pale uwanjani, umande ukiganda kwenye nyusi zake. Walinzi wa Galindo waliokuwa ukutani walikuwa watu wa milima pia. Walikitambua kitanda, wakamwona na aliyekishika amekilalia, na kumpiga mshale mtu huyo ilikuwa sawa na kumpiga konde wao katika usingizi wake. Kulipokucha walifungua lango wenyewe.

Galindo alitoka kichwa wazi, akapiga magoti, akaweka mikono yake miwili ndani ya mikono ya Gelvira.

"Umenishinda kwa godoro, shemeji."

"Kwa mbao, shemeji. Godoro lina viroboto tu."

Akamfunga mikono ili aje naye aseme maneno hayo tena mlangoni mwa kanisa, mbele ya baraza. Eilo alitolewa katika ghala la chini ya ardhi, lenye mizizi ya chakula ya mwaka uliopita na maji yaliyotuama. Alikuwa na kikohozi kinene kisichomfanana. Alikitazama kitanda kwa muda mrefu.

"Mama, umekuja nacho kwa nini?"

"Ami yako hana vitanda vya kutosha."

Mtoto alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Gelvira hakutaka kula wala kulala chini ya dari ya Ordasca, na mbingu ilikuwa safi. Watu wa vijijini wakatawanyika kwa njia za bondeni. Yeye, Bancio, mfungwa na wanaume wachache walishika njia ya mlima pamoja na kitanda. Theluji iliwakuta juu kabisa, ikaja ya ubavu, na kilichowaokoa ni kibanda cha wachungaji, kuta za mawe na nusu ya paa. Waliingiza kitanda chini ya ile nusu. Wakachoma sileji. Wakachoma nira za maksai, kisha mipini ya mashoka. Hakuna aliyekitaja kitanda.

Gelvira alimvingirisha Eilo katika ngozi zote walizokuwa nazo na joho lake mwenyewe, akamlaza baina ya moto na mguu wa kitanda. Kisha akapanda mahali pake, kwa kuwa jua lilikuwa limezama.

"Mama, niingie?"

Akamtazama Bancio. Alikuwa ameketi kizingitini, jicho wazi. Akamtazama Galindo upande wa pili wa moto, macho wazi yote mawili. Ulikuwa usiku mmoja tu. Kesho ni kanisa, baraza, kiapo, na jambo limekwisha. Na kama sharti la kitanda litavunjwa leo, ni mtoto huyu huyu atakayerudishwa Ordasca, na wanaume hawa wanaotetemeka kwa ajili yake watahesabiwa waasi na kuning'inizwa. Aliipima mizani mara mbili, na mara zote mbili ilielekea upande ule ule. Kumuuliza Bancio hakumuuliza. Mwenye nchi akiuliza ruhusa, ameshakiri kwamba yuko mwenye kuitoa.

"Kesho, mwanangu. Kesho nitakuwekea na jiwe la moto miguuni."

"Hata miguu tu?"

"Hata miguu."

Eilo akafikiri kidogo. "Hata paka," akasema, akatabasamu na pengo lake, maana naye aliujua msemo. Bonde zima liliujua.

Gelvira akateremsha mkono mmoja nje ya kitanda, akamshika. Hakulala, ila sheria haikudai usingizi, ilidai mwili. Alisikiliza kikohozi, kikapungua, akashukuru. Baadaye aliuhisi mkono umekuwa baridi na hauna hisia, akadhani ni wake.

Kulipopambazuka Bancio aliinama kuuchochea moto. Akapitisha kiganja mbele ya mdomo wa mtoto, akakiacha hapo. Kisha akavua kofia.

"Bibi Konde," akasema taratibu, "kwa nini hukumpandisha?"

Gelvira alikuwa bado amemshika. "Hata paka, Don Bancio. Uliapa."

Mzee akaketi chini, kwenye theluji iliyoingia kwa ile nusu nyingine ya paa.

"Lile la paka ulitania, bibi. Ulitania, tukacheka. Mimi usiku kucha nilikuwa nalinda asiingie mwanamume. Mtoto... nani angemhesabu mtoto?"

Mlangoni mwa kanisa baraza lilikaa tena. Kitanda, kilichoshushwa mlimani kwa mabega ya wanaume, kiliwekwa katikati, na maiti ya Eilo ilikuwa ndani ya kanisa, mbele ya madhabahu, ikisubiri. Bancio aliapa kwamba kitanda hakikuvunjwa usiku hata mmoja. Wakatangaza kwamba Doña Gelvira ni Konde wa Sarrabal hadi kufa kwake.

Alishukuru. Kisha akaomba aletewe paka.

Walidhani hawakusikia vizuri. Paka wa jikoni kwa padri aliletwa, jike la kijivu, nene. Gelvira akalichukua mwenyewe na kuliweka katikati ya godoro. Paka akazunguka, akalitafuta lile bonde la Fortún, akajikunja humo, akalala.

"Don Bancio, kitanda kimevunjwa?"

"Hapana, Bibi Konde."

"Shemeji?"

Galindo alimtazama paka. "Hapana, shemeji."

Akawauliza wote, mmoja mmoja, kwa jina na jina la baba, uso wake umetulia kama alivyofundishwa juu ya dengu. Kila mmoja alijibu hapana. Ilichukua muda mrefu, na paka alikuwa akikoroma. Hakuna aliyecheka.

Galindo alinyongwa wiki ile. Kwa kosa gani, wazee wanatofautiana. Mwenyewe inasemekana hakuuliza. Bancio aliomba ruhusa ya kuacha kulinda mlango, akakataliwa.

Gelvira alitawala hadi nywele zikawa nyeupe, na hapakuwa na mpaka wa Sarrabal uliosogea ndani hata shubiri moja. Jina la Bibi Godoro lilikufa lenyewe. Walimwita Konde tu, na walilielewa neno hilo vile unavyolielewa wewe. Kila usiku alipanda kitandani, akalala ukingoni kabisa, mkono mmoja ukining'inia nje, majira yote, hata maji yalipoganda kwenye mtungi. Kijakazi mmoja mpya aliuona, akauhurumia, akauinua polepole kuurudisha chini ya blanketi. Alifukuzwa kabla hakujakucha.