Nani Anapunguza Mbegu Yangu ya Saumu?

Mwaka huu saumu ilikubali. Majani yalipogeuka njano niliacha kumwagilia, nikang'oa taratibu, nikapangusa udongo kwa kiganja, maana ukiiosha tu imeoza. Ilipokauka kivulini nikafunga mafungu, nikayaning'iniza jikoni. Fungu la vichwa vikubwa ishirini nililitenga: mbegu. Hilo haliliwi hata aje askofu.

Likaanza kukonda. Leo kumi na saba, keshokutwa kumi na tatu.

Hapa kwangu Didia tuko watatu: mimi, binti yangu Hosiana, na mumewe Magesa, aliyerudi kutoka maduara, yale mashimo ya dhahabu kule Geita, na kikohozi badala ya dhahabu. Panya hagusi saumu. Hosiana akiionja anatapika. Akabaki nani?

Shida ni kwamba mkwe hasogelewi. Mimi na Magesa tukipishana uani kila mtu anatazama upande wake, na hatusemeshani. Nitamnusaje?

"Hosi, kamnuse mumeo mdomo."

"Mayu! Mama, nimnuse kama mbwa wa polisi?"

"Ningemnusa mwenyewe, mila ndiyo imenikatalia. Wewe una kibali."

Akaenda, akarudi anacheka. "Sigara tu."

Kicheko hicho sikukipenda. Asubuhi nikabeba kikapu kama mtu anayekwenda kuchuma mchicha, nikafuata mlio wa sururu, nikanyata hadi nyuma ya choo.

Magesa alikuwa na sururu. Mashimo saba! Manne kashayafukia, matatu yaliyobaki kila moja lingemeza mkono wangu hadi kwapani, na chini kabisa kimelala kichwa kizima cha saumu yangu, hata hakijabanduliwa punje. Pembeni kasimama Hosiana na maji ya kumwagilia.

"Mama, hataki kurudi shimoni," akasema chini chini. "Anataka alime. Aliona haya kuomba, na jikoni kwako haruhusiwi kuingia, basi nikamtolea mimi."

Kumbe mpelelezi wangu ndiye mwizi!

Nikamgeukia mbuzi aliyefungwa pale. "Wewe mbuzi, sikiliza. Saumu hupandwa punje moja moja, kina cha kidole, mvua kubwa zikiisha. Si sasa, na si kwa sururu. Fukua mbegu yangu. Mwezi wa nne nitakupa fungu lako na kukuonyesha."

Mbuzi akacheua. Nyuma yangu sururu ikaanza kulia.

Kufika mchana vichwa sita vilikuwa mlangoni pa jiko. Cha saba anakitafuta mpaka sasa, na shimo limeshamfika kiunoni.