Keki ya Elki wa Plaiwudi

Naapa kwa magoti yangu mawili, na lile bovu nalihesabu, kwamba habari hii ni kweli tupu. Naapa mapema kwa sababu watu wa kundi letu la uwindaji wana tabia ya kunitilia shaka. Zamani kundi lilikuwa na makosa mawili tu ambayo mkosaji huyalipia kwa kuwaokea wenzake keki: kumlenga elki, yule mnyama mkubwa wa kaskazini mwenye pembe pana, risasi ikapita hewani, na kumtakia mwindaji bahati njema. Kisha wakaongeza la tatu, kudanganya mbele ya moto wa kambi. Siku walipolipitisha, kila mtu alikuwa ananitazama mimi.

Magoti yaliharibika mwaka nilipombeba elki mzima mgongoni kutoka kinamasini hadi nyumbani, nikazunguka nyumba mara mbili nikitafuta mlango usiolia ili nisimwamshe paka. Baada ya hapo sikuweza tena kusimama kituoni kwangu pale kinamasini, kumngojea elki kutwa nzima kwenye umande wa Septemba. Ikabidi niachie nafasi yangu, na nafasi hiyo ilikuwa ya baba yangu, na kabla yake ya babu. Niliitaka iende kwa binti yangu Solveig.

Hjalmar, kiongozi wetu, ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kama anang'olewa jino.

"Solveig akifaulu shabaha kabla msimu haujaanza, nafasi ni yake," alisema. "Asipofaulu, anaingia mpwa wa Sixten. Huyo alishafaulu tangu masika."

Sixten ni jirani yangu. Tumegawana ua, theluji na ugomvi tangu tuko shule. Mpwa wake anaishi Stockholm na huvaa viatu vyeupe. Sikuweza kulala nikiviona viatu vyeupe vimesimama pale babu yangu alipokuwa akitemea tumbaku.

Sasa, Solveig ni fundi bomba, na mkono wake haujui kutetemeka. Uwanja wetu wa shabaha uko nyuma ya machimbo ya kokoto, una ubao uliochorwa elki, unasimama kwanza kisha unakimbia kwenye reli. Ubao ukisimama, Solveig angeweza kuutoboa moyoni huku anapiga miayo. Ubao ukikimbia, risasi zake zote zilipita nyuma. Elki ana kimkia kifupi, nacho binti yangu alikuwa ameshakinyoa. Alijaribu mtihani mara mbili, akaanguka mara mbili. Ikabaki Jumamosi moja, ya mwisho kabla ya Jumatatu ya kuanza uwindaji.

"Unaisimamisha bunduki unapofyatua," nilimwambia. "Iache itembee na mnyama. Ukimwagilia maua huku unatembea, mkono husimamishi."

"Baba, mimi ni fundi bomba. Kazi yangu ni kusimamisha maji."

Basi nikamtengenezea elki wa nyumbani. Nilikata plaiwudi umbo la jike, nikampaka rangi ya mlango wa banda, nikampachika juu ya magurudumu ya kigari alichokuwa akisukumiwa Solveig mwenyewe utotoni. Nikamfunga kwa kamba nyuma ya trekta dogo la kukatia majani. Solveig akasimama karibu na banda la kuni na bunduki tupu, komeo lake la kufyatulia nimelitia mfukoni mwangu, kwa maana mimi naweza kuwa mzushi lakini si mpumbavu. Kazi yake ilikuwa kumfuata kwa mtutu na kusema "pa" bila kusimamisha mkono.

Sixten alikuja akaegemea ua.

"Evert, hicho ni elki au kabati lenye miguu?"

"Ni jike. Mheshimu."

"Haya, kabati jike. Shikamoo, mama kabati."

Nilizunguka bustani mpaka trekta likanuka moto. "Pa," anasema Solveig, na mtutu unakwama palepale. Tena, unakwama. Ikafika Alhamisi. Aliweka bunduki chini, akatazama buti zake mpya, ambazo alikuwa amelala nazo miguuni wiki nzima ili zilainike.

"Baba, labda mpe Hjalmar jibu mapema. Mpwa wa Sixten aanze kujiandaa."

"Raundi moja ya mwisho," nikamwambia.

Na hapo ndipo wale wasiojua msitu wataanza kuguna. Nikiwa katikati ya bustani nilisikia pumzi shingoni. Nikageuka. Nyuma ya jike wangu wa plaiwudi alikuwa anakuja dume, mrefu kuliko mlango wa kanisa, pembe kama sinia mbili za harusi, macho yamelegea kwa mapenzi. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Akamnusa jike sikio, kisha akaling'ata, akalila. Posa ya aina hiyo sijawahi kuiona. Tukakatiza kwenye viazi vyangu sote watatu, mimi naendesha, jike anakokotwa, dume anabembeleza. Na kule bandani nikasikia "pa", halafu "pa" nyingine. Nilipotazama, mtutu wa Solveig ulikuwa unatembea taratibu mbele yetu kama mkono wa mtu anayepaka siagi mkate. Haukukwama.

Dume akaruka ua akaenda zake. Solveig akashusha bunduki.

"Huyu nimempata," akasema.

Jumamosi kundi zima lilifika machimboni na chupa za kahawa na soseji. Kwetu mwindaji haambiwi maneno mema. Anaapizwa, ili balaa lidhani limeshamaliza kazi. Mmoja alimwambia Solveig, "Nenda ukakose." Mwingine akamwambia, "Macho yajae moshi." Solveig akaitikia kwa kichwa, akaiweka bunduki begani. Ubao uliosimama akaupiga kama kawaida yake. Hjalmar akaashiria ubao uanze kukimbia.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa naiona nafasi ya babu yangu ikining'inia kwenye kidole cha binti yangu. Mdomo wangu, ambao umenitumikia miaka yote hii bila kuchoka, ukanisaliti.

"Bahati njema, mwanangu," nikasema.

Hjalmar alivua kofia. Solveig alifumba macho, na mabega yake yakapanda mpaka masikioni. Mtu akiwa na mabega hapo hawezi kupiga hata mlima. Nilijua nimemmaliza mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu.

Ndipo Sixten akakohoa. Kumbukeni, mpwa wake ndiye aliyekuwa akingoja nafasi.

"Solveig," akasema polepole, "naomba risasi zako zote ziende Norwei. Zimuue jogoo wa mtu. Mwenye jogoo akudai. Mahakama ikunyang'anye hata zile buti unazolala nazo."

Solveig akacheka. Alicheka kutoka tumboni, bunduki ikatikisika, na mabega yakashuka yakakaa mahali pake. Ubao ukachomoka. Mtutu ukaondoka nao, ukaupita kidogo, ukaendelea kutembea. Risasi. Ubao ukarudi kutoka upande wa pili. Risasi.

Hjalmar alikwenda kuutazama ubao. Mtu yule anatembea kama anapima ardhi ya kununua. Akaweka kidole kwenye tundu, akaweka kwenye tundu jingine, akarudi kwa mwendo uleule.

"Yamo moyoni," akasema.

Nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeivuta tangu masika. Nikakaa chini, na nilichokikalia kilikuwa soseji za Sixten. Hakulalamika. Akanipa haradali.

Jumapili jioni tukakusanyika kambini, kama kila mwaka, kugawana vituo vya kesho. Mbwa walikuwa wamelala karibu na moto, kahawa inachemka kwenye birika jeusi. Hjalmar alitaja vituo. "Kinamasi, Solveig," akasema, na mimi nikatazama pembeni kwa sababu moshi ulikuwa unaniingia machoni. Moyo ulikuwa mwepesi mno. Mtu mwenye moyo mwepesi husema sana, nami nikawasimulia habari ya dume na posa yake, kama nilivyowasimulia ninyi, ila pale pembe zilikuwa kubwa zaidi.

Sixten alinisikiliza hadi mwisho. Akajimiminia kahawa.

"Huyo dume alipita kwenye viazi?"

"Alipita."

"Udongo laini pale."

"Laini sana."

"Basi mbona nyayo ni za duara, Evert? Tena zina alama za misumari."

Kwato za elki zimepasuka kati, na hapa kwetu hilo hulijua hata mchungaji wa kanisa.

"Labda alikuwa elki mwenye uwezo," nikasema. "Amevaa viatu."

"Farasi wangu Brunte alitoroka Alhamisi. Alirudi na kipande cha plaiwudi mdomoni."

Watu wakaanza kuchekea vikombeni. Hjalmar hakucheka. Akachukua redio moja ya mawasiliano mezani, akamgeukia binti yangu.

"Solveig, kesho ukisema dume, tutajua ni dume. Ukisema jike na ndama, hakuna atakayemgusa jike. Tutafyatua au tutaacha kwa neno lako. Wewe ulikuwepo. Uliona nini?"

Solveig akanitazama. Nikamkonyeza. Nikamkonyeza tena kwa jicho la pili, asije akadhani ni moshi. Alikuwa mwanangu, nimemlea, na kigari chake nimekitunza.

"Farasi," akasema. "Wa kahawia, hana pembe. Alikuwa anafuata karoti zilizokuwa zinachungulia mfuko wa nyuma wa suruali ya Baba."

Kambi ikaanguka kwa kicheko, mbwa wakaamka wakabweka. Hjalmar akamkabidhi redio. Nilipaswa kuumia, lakini ninachokumbuka ni kwamba nilitulia kabisa. Kundi lilikuwa limempata mtu wa kuaminiwa pale kinamasini, jambo ambalo, Sixten alisema, halikuwahi kutokea katika ukoo wetu.

"Keki mbili," akasema Hjalmar. "Ya bahati na ya farasi."

Asubuhi Solveig alinikuta jikoni, nimejaa unga mpaka nyusi, napiga krimu. Buti zake zilikuwa laini, bunduki begani, redio kifuani.

"Baba," akasema mlangoni, "nenda ukaunguze."

"Nenda ukakose," nikamjibu, na safari hii mdomo ulinitii.

Keki hazikuungua. Niliziwekea juu matunda ya kinamasini, yale ya rangi ya dhahabu, na katikati ya ile ya pili nikamchora elki kwa krimu. Sixten alikuja kuikagua kabla haijakatwa, akavaa miwani, akainama.

"Kwato," akasema.

Nikachukua kisu, nikazipasua kati, moja baada ya nyingine, zote nne.