Waliokula Kifundo Changu

Mwaka 1999 hapakuwa na mchinjaji Kakuma aliyenizidi mkono. Wengine walipasua mbuzi kwa shoka. Mimi nilitumia abarait, kisu cha duara nilichovaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia tangu ujana, na sikuvunja mfupa hata mmoja. Kisha kifundo kikavimba, kisu kikakataa kuingia mkononi, nikabaki nimesimama tu mbele ya mbuzi.

"Ejok, Ekidor," akanisalimu Malual kwa Kiturkana, akicheka. Alikuwa mkimbizi wa Kidinka aliyeuza nyama nami meza moja. "Mbuzi ilishakufa, unaionea huruma ya nini?"

Sikucheka. Nikapanda lori hadi hospitali ya Lodwar.

Daktari Nangiro aliinua picha ya mifupa yangu dirishani. Kingo zilikuwa zimemung'unywa kama za mzoga uliopitiwa na fisi.

"Nani anakula?"

"Mwili wako mwenyewe. Chembe za damu zinazokulinda zimekosea, zimevamia kiungo kisicho na adui. Zikishapiga kambi hapo zinatoa amri, na chembe changa zinageuka kuwa walaji wa mfupa. Hata sisi amri yenyewe tumeanza kuielewa juzi tu."

"Basi waue hao walaji."

"Nitawatuliza wanaowaamrisha. Dawa itatoka Nairobi baada ya wiki mbili. Huo mkono usiuguse."

Wiki mbili! Nikae kimya nikitafunwa na damu yangu? Nikaenda kwa baba mdogo Emuria. Kwetu kiungo kilichovimba huchomwa kwa chuma chekundu ili ugonjwa utoke.

"Ukilia naacha," alisema.

Sikulia. Alinichoma mara saba, nami nikahesabu kwa sauti.

Niliporudi Lodwar mkono ulikuwa unatoa usaha. Daktari alifungua kitambaa. Vidonge vilikuwa mezani, mbele yangu.

"Nipe, daktari."

"Siwezi. Dawa hii inalegeza ulinzi wa mwili. Nikikupa na kidonda hiki, usaha utaingia kwenye damu, utakufa. Sasa unawahitaji walinzi walewale."

"Na mfupa?"

"Utaendelea kuliwa."

Kidonda kilichukua miezi mitatu kupona. Kila asubuhi wodini nilijaribu kukunja ngumi, na kila wiki ngumi ilipungua. Kilipofunga, daktari alipiga picha nyingine. Vile vifupa vidogo vya kifundo havikuhesabika tena, vimekuwa ukungu mtupu. Akaniwekea kidonge kwenye kiganja cha kushoto.

"Hiki ni cha kuokoa huu mkono uliobaki."

Niliporudi Kakuma nilimkuta Malual akipasua mbuzi kwa shoka, vipande vya mifupa vikiruka hadi kwa wateja. Nikaiweka abarait mezani.

"Vaa."

Alinitazama mkono, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Akavaa. "Ndugu, naanzia wapi?"

Niliinua mkono nimwonyeshe kiungo cha paja. Vidole havikufunguka. Nikamwonyesha kwa kidevu.